Akaunti Moja kwa Nyumba Nzima

Wifi yangu alikaa kwenye swichibodi ya hospitali kuu, akipokea na kuunganisha simu, kwa miaka ishirini na sita. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi, hakina dirisha. Kilikuwa na mashine, kiti cha magurudumu, orodha ya namba za wodi iliyobandikwa ukutani kwa utepe, na feni iliyokuwa ikigeuka upande mmoja tu. Mji mzima uliijua sauti yake bila kuijua sura yake. Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, akaomba apishwe kidogo, na mzee aliyekuwa mbele yetu akageuka.

"Wewe ndiye uliyeniunganisha na wodi ya wazazi mke wangu alipojifungua," akasema.

"Mtoto yuko darasa la ngapi sasa?"

"Ameshaoa."

Wifi akacheka mpaka akashika kaunta. Ndiyo ilikuwa sifa yake pekee duniani, na ilimtosha.

Kazini alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata siku moja: kila alichoambiwa alikirudia. "Narudia, wodi ya sita, kitanda cha kumi na nne, daktari wa zamu." Alikuja nao mpaka nyumbani. Ukimwomba chumvi mezani, atasema, "Narudia, chumvi." Mume wangu, kaka yake, alimpa jina la Narudia, na jina likamganda. Hata barua za kazini zilifika mara mbili zikiwa na jina hilo kwenye bahasha, karani mmoja ofisini akidhani ni jina la ukoo.

Aliolewa mara moja. Baada ya miaka mitatu alirudi na sanduku lilelile aliloondoka nalo, akaliweka chumba cha nyuma, akauliza kama kuna maji ya kuoga. Hatukumwuliza kitu. Nyumba yetu ndivyo ilivyo. Baba mkwe alikuwa mkalimani wa mahakama, mume wangu mkaguzi wa shule, mimi nimefundisha historia miaka ishirini na tisa. Mambo yetu hayatoki nje ya geti, na mengine hayatoki hata chumba kimoja kwenda kingine. Naandika haya kwa sababu yameshasemwa mtaani na wasiojua, na ni heri yaandikwe na mwenye nyumba.

Mume wangu alipostaafu alinunua kompyuta, akaiweka sebuleni kwenye meza iliyokuwa ya redio. Aliipenda kama mtu anavyopenda cheo kipya. Alifungua akaunti moja yenye jina lake kamili na picha yake ya suti, na akaiingiza kila mahali: kwenye kompyuta, kwenye simu yangu, kwenye simu ya dada yake. Simu mpya ikinunuliwa, aliiweka akaunti yake kabla hata ya laini.

"Nyumba moja, akaunti moja," alikuwa akisema. "Mkisahau neno la siri mnaniuliza mimi."

Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha katoni chini ya kibodi, kwa mwandiko wake wa ukaguzi. Hatukuwahi kumwuliza kitu. Tulifungua kivinjari, picha yake ikatutazama kutoka kwenye kona ya juu, tukasoma magazeti. Alipofariki, sikubadilisha chochote. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Nikaosha vikombe vyote. Kisha nikawa naamka, napiga mswaki, nafungua kompyuta, nasoma habari ambazo baada ya dakika kumi sikumbuki ni za nini.

Matangazo yalianza kunigusa mwezi wa nne au wa tano baada ya hapo. Yalikuwa pembeni mwa ukurasa wa gazeti. Mwanamke mwenye mvi anatabasamu, chini yake maandishi: Je, wajukuu wanalalamika kwamba huwasikii? Sina wajukuu. Nina umri wa miaka sitini na mbili na ninasikia maji yanapodondoka jikoni nikiwa kitandani. Nilidhani ni matusi ya kawaida ya mtandao kwa watu wa rika langu, nikafunga.

Yakazidi. Nikisoma habari za mvua, sikio. Nikitafuta bei ya pazia, sikio. Halafu yakaacha kubahatisha, yakawa yanajua. Kifaa cha sikio la kushoto. Jifunze kusoma midomo kwa wiki nane. Unafanya kazi ya simu na usikivu umepungua? Hilo la mwisho nililitazama kwa muda. Ndani ya nyumba ile alikuwepo mtu mmoja tu mwenye kazi ya simu.

Kuanzia hapo nikawa namwangalia kwa jicho la pembe. Wifi alikuwa akigeuza kichwa kidogo unapomsemesha, kama mtu anayetafuta kituo cha redio. Hedfoni alikuwa akiiegemeza kulia tu. Nilipomwuliza jikoni, akiwa amenipa mgongo, kama amelipia gesi, alijibu, "Ndiyo, kesho." Na ile "narudia" yake, ambayo tuliicheka miaka yote, sasa niliona inavyofanya kazi. Alikuwa anairudisha kila namba kwa aliyepiga ili aliyepiga amsahihishe. Hakuna simu aliyoipeleka pasipo pake. Lakini kanuni ya hospitali niliijua, maana yeye mwenyewe aliwahi kunisomea: mpokea simu asiyesikia vizuri huondolewa kwenye mashine siku hiyohiyo inapojulikana. Kustaafu kwake kulikuwa kumebaki mwaka na nusu.

Sikumwuliza. Yeye hakusema. Jioni tulikula, tukaangalia taarifa ya habari, sauti imepandishwa zaidi kidogo kuliko zamani, kila mmoja akijifanya hajui nani ameipandisha.

Sasa, mimi ni katibu wa umoja wa wakazi wa mtaa wetu, na kamati hukutana sebuleni kwangu kila Jumamosi ya pili, saa kumi alasiri, kwa sababu kompyuta iko kwangu. Mwenyekiti wetu ni muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Mume wake ni ofisa utumishi wa hospitali ileile. Ndiye anayeamua nani anakaa kwenye kiti gani.

Jumamosi moja tulikuwa tunasoma ratiba ya maji mtandaoni, vichwa vinne mbele ya kioo, likatokea sikio kubwa la rangi ya waridi, limejaa nusu ya ukurasa.

"Hee!" akasema Mwenyekiti. "Katibu, hawa wanakutafuta nini?"

"Matangazo ya hovyo. Yanampata kila mtu."

"Mimi hunitolea mashuka."

"Basi una bahati," nikasema, nikakifunga kile kidirisha. Mkono wangu ulikuwa mtulivu kabisa.

Jumatatu nikamwita Fundi Pole. Ni mtu mzima, mnene, mwenye duka la kutengeneza kompyuta nyuma ya benki, na wamempa jina hilo kwa sababu hafungui mashine kabla hajaiambia pole. Alivuta kiti, akaweka miwani, akaitazama kompyuta ya marehemu.

"Pole sana," akaiambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe pia mama, nilisikia habari."

Nilimweleza kwamba matangazo yananifuata na nataka yakome. Sikusema ya nini. Alifungua gazeti ninalosoma kila siku, akabonyeza vitu viwili vitatu, akanionyesha orodha ndefu ya majina nisiyoyajua.

"Unaona hawa? Ukurasa huu una wageni thelathini na saba waliojificha ndani yake. Wewe umeingia kusoma habari, wao wanaandika. Amesoma hiki, amekaa dakika tatu, jana alitafuta kile. Wakitoka hapo wanauziana."

"Nani amewapa ruhusa?"

"Wewe mama. Kile kikaratasi kinachotokea chini, kimeandikwa Kubali vyote. Huwa unabonyeza nini?"

"Kubali."

"Basi."

Miaka ishirini na tisa nimewafundisha watoto wa watu wasitie sahihi wasichokisoma. Kile kikaratasi nilikuwa nakibonyeza kama mtu anayefukuza inzi.

Fundi alinibadilishia mipangilio, akaniwekea programu ya kuzuia wafuatiliaji, akafuta vidakuzi, ambavyo alisema ni alama ndogo wanazokubandika mgongoni ili wakutambue ukirudi. Akanionyesha kinamba kidogo juu ya kivinjari kinachohesabu waliofukuzwa mlangoni. Kilifika mia mbili kabla hajamaliza chai. Kisha akaonyesha picha ya mume wangu kwenye kona.

"Hii nayo ingefaa itoke. Akaunti hii iko kwenye simu ngapi?"

"Zote za nyumbani."

"Mama, hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Anachotafuta mmoja kwenye simu yake, akaunti inakiweka, na mashine hii inakijua. Kizuizi nilichokuwekea kinafukuza wapita njia. Hakimfukuzi aliye ndani na ufunguo. Toeni hii akaunti, kila mtu afungue yake. Ni kazi ya nusu saa."

"Jina la mume wangu halitoki kwenye mashine yake."

"Silifuti mama, ni kutoka tu, kama kufunga mlango..."

"Nimesema haitoki."

Akavua miwani, akaiweka mfukoni. "Sawa mama. Ni nyumba yako."

Wiki zilizofuata kurasa zilikuwa nyeupe na kimya. Palipokuwa na sikio palibaki pengo. Nilitegemea nitapumua, na nadhani nilipumua. Lakini nililigundua jambo ambalo sikulitarajia: matangazo yale ndiyo yalikuwa barua pekee kutoka chumba cha nyuma. Yalikuwa yameniambia lini amehama kutoka kwenye vifaa kwenda kwenye kusoma midomo, na hilo lilikuwa na maana yake. Sasa sikujua kitu. Yeye alikuwa akitoka saa kumi na mbili asubuhi na sare yake ya buluu iliyopigwa pasi, mimi nikiosha kikombe chake.

Kikao cha Jumamosi moja kilikuwa na ajenda moja tu: kuusajili umoja wetu rasmi. Tulikaa kama kawaida, mimi kwenye kibodi, Mwenyekiti kulia kwangu, wanakamati wawili wamesimama nyuma yetu.

"Tafuta fomu," akasema Mwenyekiti. "Andika kusajili umoja wa wakazi."

Nikabonyeza kwenye kisanduku cha kutafutia. Nikaandika k, u, s. Kabla sijafika herufi ya nne, kisanduku kikashusha orodha yake, kila mstari una alama ya saa ndogo pembeni, maana yake kimetafutwa humu kabla.

kusikia sikio moja tu kushoto hakuna kitu
kusoma midomo jifunze mwenyewe nyumbani
kusikia kunapungua sikio la pili sababu
kustaafu mapema mpokea simu masikio

Mwenyekiti ana tabia ya kusoma kwa sauti. Alisoma wa kwanza, akasoma wa pili, wa tatu akausoma polepole. Nilipoteza muda nikimsikiliza badala ya kufuta. Wa nne nilikuwa nimeufunika kwa kiganja, kiganja kizima juu ya kioo, kama mtoto anayeficha jibu la hesabu.

Mwenyekiti alinitazama, na niliona kabisa fikra zake zinavyotembea: nyumba hii, masikio, nani humu ndani, wapi anafanya kazi, na mume wake mwenyewe ni nani kule.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Sikio la kushoto limekufa. Na la kulia limeanza. Sikutaka maneno."

Nililisema kwa sauti ileile ambayo nilikuwa nikisomea majina darasani. Halikuniuma. Lilikuwa kama kutoa koti la mtu mwingine kabatini na kulivaa, likakaa.

"MASIKINI KATIBU!" akapaza sauti Mwenyekiti, mdomo ukiwa karibu kunigusa sikio. "MBONA HUKUSEMA?"

Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulinipigia kelele. Muuza mboga alinionyesha bei kwa vidole. Mwanakamati mmoja, ambaye miaka yote hakupenda nilivyoandika mihtasari, alikuja na karatasi ameandika kwa herufi kubwa MVUA IMEKATIKA, akaiinua mbele ya geti. Mwanangu alipiga simu kutoka mbali anakofanya kazi, akisema polepole kama anamwelekeza mtoto. Wa mtaani niliwajibu kwa kichwa tu. Mtu aliyezoea kusikilizwa na kuheshimiwa kila anapopita, sasa anashikwa mkono kuvushwa barabara asiyotaka kuivuka.

Wifi alikuwa wa mwisho kujua, na alijulia kazini. Mume wa Mwenyekiti alipita kwenye chumba cha simu, akampa pole ya ugonjwa wa wifi yake. Alasiri ile alirudi, akaweka mkoba mezani, hakukaa.

"Umewaambia watu wewe ni kiziwi?"

"Nimesema sisikii vizuri."

"Wewe? Unayesikia mtu akifungua kopo la sukari yupo jikoni kwa jirani?"

"Wifi, kaa chini."

"Sikai. Nani amekutuma unibebee?"

Nikamgeuzia kioo. Nikamwonyesha kisanduku, nikaandika herufi zilezile tatu. Alisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Ilimchukua muda kuelewa kwamba maneno aliyoyaandika chumbani kwake, taa imezimwa, simu ndani ya shuka, yalikuwa yakitua sebuleni. Hakuwa na habari. Alidhani simu yake ni yake.

"Yote?" akauliza.

"Yote tangu aweke akaunti."

Alivuta kiti. Nilifungua ukurasa wa akaunti ile, unaohifadhi kila kilichotafutwa na tarehe yake. Tukaanza kushuka. Bei ya pazia, mimi. Dalili za sikio kuziba, yeye. Majina ya vitabu vya historia, mimi. Sikio, sikio, sikio, yeye. Alikuwa anafuta kimoja kimoja kwa kidole cha shahada, haraka, kama anakata laini. Tukafika miezi miwili kabla kaka yake hajaugua. Akasimama.

dada yangu anaficha kwamba hasikii nimsaidieje

"Hii si yangu," akasema.

"Si yangu pia."

Mume wangu alijua miezi miwili mizima kabla ya kuugua, tukila meza moja, na hakuniambia. Nilijaribu kuona kama nimekasirika. Niliona tu kwamba kioo kina vumbi pembeni.

Wifi hakuufuta mstari ule. Alirudi juu, akabonyeza picha ya suti kwenye kona, akatafuta palipoandikwa Toka, akabonyeza. Hakuniomba ruhusa. Kona ikabaki na kiduara cha kijivu kisicho na sura. Kisha akatoa simu yake, akafanya vivyo hivyo, akanyoosha mkono nikampa yangu.

"Kesho naenda kwa ofisa utumishi," akasema.

"Umebakiza mwaka na nusu tu. Nani amekulazimisha? Mimi wameshaniamini."

"Ndiyo maana naenda. Nimekaa miaka yote hii narudia ukweli wa watu. Uongo wako nitaurudiaje?"

"Na jina la nyumba hii?"

"Jina la nyumba hii limevushwa barabara na muuza mboga, wifi. Hebu tuache."

Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Alienda kweli. Alivaa sare. Alimwambia yule bwana kwamba mwenye masikio mabovu ni yeye, si wifi yake, na kwamba hajawahi kukosea simu, wakague wakitaka. Wakamtoa kwenye mashine siku hiyohiyo, kama kanuni inavyosema. Wakampeleka masjala, ghorofa ya pili, kupanga mafaili ya wagonjwa mpaka atakapostaafu. Kuna dirisha. Mwanadada aliyekalishwa kwenye swichibodi alimpandia ngazi mara tatu siku ya kwanza kuuliza wodi ya macho ni namba ngapi. Aliporudi nyumbani alinisimulia yote hayo akila, bila kuweka kijiko chini, na aliponiomba nirudie jambo alisema tu, "Sema tena, upande huu." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka hilo ndani ya nyumba yetu. Nikasema tena.

Jumamosi iliyofuata Mwenyekiti alikuja kabla ya wenzake. Alibisha geti kwa kidole kimoja. Nilimfungulia, nikasubiri kelele.

"Hujambo, Katibu," akasema. Kwa sauti ya kawaida, ya chini hata, kama watu wawili wanavyosalimiana.

Basi mumewe amemwambia. Alikuwa anajua kwamba mbele ya kamati yake, na kioo kinatushuhudia, nilidanganya bila kupepesa macho. Alikuwa ameshika faili letu la usajili kifuani na hakujua atazame wapi.

"Sijambo," nikasema. "Ingia. Na wenzako wakija, waambie wewe. Mimi sitaweza."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba nasikia."

Aliitikia kwa kichwa, akanipita, akaenda kukaa kwenye kiti chake.